Nilidhani ni uzee, kumbe ngozi imebabuka

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu hewa yenyewe ni mafuta: unatoka kuoga, hujamaliza kujifuta, mwili umeshalainika. Baadaye nikafanya kazi Dar es Salaam miaka kumi na minne, joto lile lile, jasho lile lile, na katika muda wote huo sikuwahi kununua kitu cha kupaka chini ya macho. Uso ulipata kile kilichobaki viganjani baada ya miguu.

Wizara zilianza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la 2016, lakini kwa mafungu. Zamu ya idara yangu ilifika Julai 2021, nikiwa na miaka arobaini na moja. Kwa mtu wa pwani hakuna mwezi mbaya wa kuingia Dodoma kama huo. Mvua imeshakatika, haitarudi mpaka Desemba Mungu akipenda, na tangu asubuhi upepo unavuma na vumbi lake jekundu. Ukisahau dirisha la jikoni wazi, unakula wali wa mchanga. Wenyeji walinionya kuhusu midomo na visigino. Midomo ilipasuka wiki ya kwanza, visigino wiki ya tatu, nikadhani ndiyo imekwisha hiyo. La macho hakuna aliyeniambia.

Nililiona Septemba, kwenye kioo cha chooni ofisini, kule Mtumba kwenye mji wa serikali. Taa za pale hazina adabu. Asubuhi nilikuwa nimepaka poda kama kawaida yangu. Saa tano hivi nakwenda kunawa mikono, nainua uso, naona chini ya kila jicho poda imejichora mistari mitatu minne, imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Nikasogea karibu. Nikatabasamu nione inakuwaje. Ikawa mibaya zaidi. Binti wa masijala akaingia, akanikuta nakichekea kioo peke yangu. "Dada, uko salama?" Nikamwambia niko salama.

Jioni nikampigia mama simu ya video kwa kisingizio cha kumsalimia. Ukweli ni kwamba nilitaka kumkagua. Ana miaka sabini na kitu, na chini ya macho yake kuko laini kuliko kwangu. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Kuanzia siku ile mpaka siku nilipokaa mbele ya daktari wa ngozi ilipita miezi kumi na minne, na ndani ya miezi hiyo nilitumia shilingi 238,000 kujiharibu. Naziandika kwa tarakimu ili zisomeke vizuri.

Fungu la kwanza liliondoka kwenye duka moja la vipodozi mjini. Muuzaji, binti mzuri wa uso usio na hata shimo moja la chunusi, alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Dada yangu, hapo kolajeni imekwisha." Yaani ile protini inayoikaza ngozi. Alisema kama fundi anayekwambia gari lako halina oili. Nikatoka na seramu ya 45,000 na kikopo cha krimu ya macho ya 85,000, kifuniko cha dhahabu, ndani krimu ya vijiko viwili. Wiki mbili baadaye nikarudi kuchukua vibandiko vya kuweka chini ya macho usiku, 15,000, na krimu nyingine ya 30,000 yenye harufu ya waridi, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inaniwasha kidogo na binti alisema kuwasha ni dalili kwamba "inafanya kazi".

Hapo niombe msomaji asimame nami kidogo. Chini ya macho, kitu kinachowasha kikazidi kuwasha siku hadi siku hakifanyi kazi yoyote unayoitaka. Ngozi ya pale ni nyembamba kuliko karibu sehemu zote za mwili, na tezi za mafuta ni chache, kwa hiyo kinga yake ni ndogo. Na sisi weusi tuna la ziada: ngozi yetu ikikereka haiponi kimya kimya, inaacha weusi unaokaa miezi. Mtu mweupe atawiva siku nne ziishe. Wewe utatembea na vivuli chini ya macho mpaka watu wakuulize kama una msiba.

Mimi sikuyajua hayo. Desemba nikaenda Tanga kwenye harusi ya mpwa wangu, na huko nikafanya la pili. Wanawake wamejaa ndani, bibi harusi anasingwa. Singo, kwa asiyeijua, ni ule mchanganyiko wa liwa, manjano, karafuu na vingine anavyovijua somo mwenyewe, yaani kungwi wa bibi harusi, unakorogwa kwa marashi ya waridi na kusuguliwa mwili mzima mpaka ngozi inang'aa. Nikaona mkono wa yule mtoto unavyometa, nikachota donge langu. Somo aliniona. Mama mtu mzima, macho hayamwoni vizuri lakini hili aliliona: "Mwanangu, hiyo ya mwilini. Usoni taratibu, machoni usiguse." Nikaitikia "haya bibi", nikaingia chumbani, nikasugua chini ya macho kwa vidole viwili, nikihesabu mpaka mia. Karafuu, jamani. Siku ya harusi nilivaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, usiku. Picha zipo.

Nilirudi Dodoma ngozi imekwaruzika, haikubali hata maji. Nayo maji ya nyumba niliyopanga ni ya kisima, ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu, ikitoa haitoki. Nilikuwa nanawa uso kwa kipande cha sabuni ile ile ya kuogea, asubuhi na jioni, halafu najifuta kwa taulo kwa nguvu kama nasugua sufuria. Sikulihesabu hilo kama kosa kwa sababu sikuwa nimelinunua.

Februari ikaja retinoli. Niseme mapema kwamba retinoli si kitu kibaya. Leo hii ninaitumia. Ni jamii ya vitamini A, na kati ya vitu vya kupaka vinavyodaiwa kupunguza makunyanzi, jamii hiyo ni miongoni mwa vichache vilivyothibitishwa kwa miaka mingi. Kosa lilikuwa langu. Niliagiza chupa ya 60,000 kwa muuzaji wa mtandaoni, sikusoma karatasi, nikapaka usiku wa kwanza kama napaka losheni, mpaka kwenye mizizi ya kope. Nikapaka wa pili. Nikapaka usiku tano mfululizo. Siku ya sita nimeamka macho yamevimba, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, na machozi yakinitoka yanachoma njia nzima yanamopita. Hata hapo nilijipongeza. Nilisema ngozi ya zamani inaondoka.

Haikuondoka ya zamani tu. Kufika Aprili nilikuwa na weusi wa duara chini ya macho yote mawili, ngozi imekuwa ngumu, imekunjamana, na mistari ambayo Septemba ilionekana nikicheka tu sasa ilikuwepo nikiwa nimenyamaza.

Ndipo likaja lile la elfu moja na mia tano.

Nililipata kwenye duka la dawa la mtaani. Nilikwenda kununua panado. Kijana wa pale akanitazama usoni, akasema, "Mama, hiyo aleji. Kuna krimu ya hospitali hapa, siku tatu tu." Akanipa tyubu ndogo. Siku tatu kweli. Muwasho ulikata usiku wa kwanza. Asubuhi ya nne ngozi ilikuwa tambarare, laini, mistari imefifia, na weusi wenyewe umeanza kupungua. Nililia, sitanii. Nilisimama kwenye kioo kile kile cha chooni ofisini nikaona sura yangu ya Dar es Salaam imerudi. Nikarudi kununua tyubu ya pili kabla ya kwanza haijaisha, nikawa napaka kila usiku, kidogo tu, kama ibada.

Nilipaka kuanzia Mei mpaka Oktoba. Nikiacha siku mbili, panawaka: pekundu, panawasha, panatoa vijipele. Nikipaka, panatulia. Nikaona basi, hii ndiyo dawa yangu ya maisha, shilingi 3,000 kwa miezi sita, waliouziwa vikopo vya dhahabu pole yao. Sikutilia maanani kwamba chini ya macho kumekuwa na weupe wa ajabu, duara mbili, kama nimevaa miwani ya rangi. Wala vile vishipa vyembamba vilivyoanza kuonekana karibu na pua. Aliyevitilia maanani ni mwenzangu ofisini, dada mmoja mwenye ualbino tunayekaa naye chumba kimoja. Yeye ngozi anaijua kwa sababu hana ruhusa ya kutoijua. Mchana mmoja aliacha kula, akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shoga, unapaka nini hapo?" Nikamtajia. Akafunga kontena lake la chakula. "Twende nikakupe namba ya kliniki. Na vyote unavyopaka, kabebe. Vyote, usichague."

Nilipata miadi baada ya wiki mbili, Novemba. Nikaenda na kikapu cha sokoni. Daktari, mama wa rika langu, alisukuma kompyuta yake pembeni akaniambia nipange vitu mezani. Vilikuwa kumi na kimoja, pamoja na sabuni, poda, wanja, mafuta ya nazi niliyotoka nayo Tanga na kopo la mafuta ya mgando ambalo lilikuwemo kwa bahati mbaya tu, maana ni la visigino. Akavaa miwani. Akawa anainua kimoja kimoja, anageuza, anasoma maandishi yale madogo ya nyuma ambayo mimi sikuwahi kuyasoma hata mara moja, kisha anakiweka kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto. Ile tyubu aliishika muda mrefu. Akanisogezea, akaweka ukucha chini ya neno. "Dada yangu, soma hapa." Nilisoma kwa taabu, nimekunja uso. Ilikuwa klobetasoli.

Akanieleza bila kunigombeza, na pengine ndiyo maana nilielewa. Klobetasoli ni steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe na muwasho, tena ya kundi la zile kali kabisa. Ina kazi yake hospitalini, kwenye ngozi nene, kwa siku chache, ukiwa na mtu anayekuangalia. Chini ya macho, kwa miezi sita, inaifanya ngozi nyembamba izidi kuwa nyembamba, inatoa weupe, na ukiacha ghafla pale panalipuka. Kubwa kuliko yote, ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi. Mtu anaweza kuwa nayo asijue mpaka uoni umeanza kuondoka.

Kisha akavuta taa, akanitazama chini ya macho kwa lenzi, akakaa kitini. "Ulikuja kutibu makunyanzi?" Nikasema ndiyo. "Makunyanzi unayo mawili matatu ya umri wako. Hayo mengine ni pumu ya ngozi. Ngozi imekauka, imebabuka, na kila ulichoongeza kimeibabua zaidi."

Akashika mkono wangu, akaangalia kucha. "Rangi hii unapaka kila wiki?" Kila Jumamosi. Akasema rangi ya kucha ni moja ya sababu za kawaida za mzio kwenye kope: vidole havipati shida kwa sababu ngozi yake ni nene, lakini mtu hujigusa macho mara nyingi kwa siku bila kujua, na kope ndizo zinazolalamika. Akauliza kama nafukiza udi. Mtanga haulizwi hilo. Akauliza wanja nautoaje. Kwa pamba kavu, nikasugua hewani kumwonyesha, akafumba macho.

Upande wa kulia wa meza kilibaki kitu kimoja. Kopo la visigino.

Matibabu yalikuwa ya kuchosha kwa urahisi wake. Krimu zote kando, singo kando, rangi ya kucha kando, poda kando mpaka atakaposema. Wanja pia, ule wa manga usiojulikana ulikotoka aliutupa mwenyewe kwenye ndoo, akasema mwingine huwa na madini ya risasi. Kunawa kwa maji ya vuguvugu bila sabuni usoni, na kwa kuwa maji ya nyumbani ni ya chumvi, suuza ya mwisho kwa maji ya chupa. Kujifuta kwa kugusagusa kitambaa laini. Halafu, ngozi ikiwa bado ina unyevu, yaani ndani ya dakika moja mbili, kupaka krimu nyepesi isiyo na harufu, na juu yake usiku mafuta ya mgando kidogo mno, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa kila jicho. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanafunga mlango, yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana ukiyapaka kwenye ngozi kavu kabisa, unafunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Aliniandikia pia dawa ya kutuliza isiyo ya jamii ya steroidi, akanionya kwamba siku za mwanzo itachoma. Jina lake siliandiki, kwa sababu najua tutakavyofanya.

Akanipa barua ya kwenda kupimwa macho.

Kati ya barua ile na kipimo zilipita siku tisa. Sikulala vizuri hata moja. Ngozi ilikuwa inalipuka kama alivyosema, chini ya macho pamevimba, panatoa maji, na mimi sioni hilo kuwa tatizo tena. Nilikuwa nafumba jicho moja, nasoma kalenda ya ukutani, nafumba la pili. Nilijiuliza nimwambie nini mama. Kwamba nimepofuka kwa sababu poda ilijikunja?

Siku ya kipimo mtaalamu aliniwekea matone, akanipumulia kile kihewa cha mashine, akarudia, akaandika. Presha ilikuwa ya kawaida yote mawili. Lenzi safi. Niliegemea kiti nikashusha pumzi ya siku tisa. Kisha akaniwekea ubao wa herufi za karibu, nikausogeza mbali kwa mkono, nikakunja uso nisome. Akacheka. "Mama, tangu lini unasoma hivyo?" Sikujua kwamba nasoma hivyo. Miaka arobaini na kitu, macho ya karibu yanachoka. Ni jambo la kawaida. Lakini saa nane kwa siku mbele ya kompyuta nilikuwa nakunja macho kuona, na ngozi inayokunjwa pale pale kila siku inakariri. Miwani ya kusomea ilinigharimu 90,000 baada ya bima kuchangia. Hakuna krimu iliyowahi kulegeza uso wangu kama miwani ile.

Mlipuko ulichukua wiki saba kutulia. Wiki ya pili na ya tatu ndizo ngumu, na nasema kwa mtu aliye humo sasa: mkono utakwenda wenyewe kwenye ile tyubu. Mimi yangu ilikuwa imebaki kliniki, kwa hiyo mkono ulikwenda kwenye mkoba kutafuta 1,500. Mara mbili nilifika mpaka barabarani. Na ukishakuwa umeipaka kwa miezi, usiamue peke yako kuacha. Nenda kwa daktari akupange, wengine hupunguziwa hatua kwa hatua.

Februari ilikuwa mara ya kwanza kujipima kwa namna aliyonifundisha yule daktari. Unanawa uso, unakaa robo saa bila kupaka kitu, unatazama. Halafu unapaka krimu yako ya unyevu, unasubiri dakika ishirini, unatazama tena pale pale, mwanga ule ule. Mistari iliyofifia ilikuwa ya ukavu. Iliyobaki ndiyo ya umri na jua. Kwangu zaidi ya nusu ilififia. Kipimo hicho hakina gharama, na kama ningekifanya Septemba ile, na mafuta yangu ya visigino, hadithi hii isingekuwepo.

Iliyobaki ilikuwa na jambo moja la kuchekesha: jicho la kushoto lilikuwa na mingi kuliko la kulia. Niliporudi ofisini nikaelewa. Meza yangu iko kando ya dirisha, na dirisha liko kushoto. Kioo kinazuia miale inayounguza lakini ile inayochosha ngozi polepole inapita. Nilikuwa naota jua la Dodoma upande mmoja, ndani ya ofisi. Meza nimeigeuza.

Kuhusu losheni ya kuzuia jua, mwalimu wangu alikuwa yule yule mwenzangu. Yeye hutumia Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwenye ualbino asiende dukani kununua ya bei mbaya kabla ya kuulizia hiyo. Mimi nilinunua ya kwangu, 38,000, yenye kinga namba 30 (SPF 30) na zinki, kwa sababu aina nyingine nilizojaribu zilikuwa zinaingia machoni na kuchoma kila nikitoka jasho. Ya zinki haichomi hivyo, ila ya kwanza ilinifanya nionekane nimepakwa majivu. Tafuta iliyotiwa rangi ya udongo. Alinifundisha kipimo: mistari miwili kwenye vidole viwili, kwa uso na shingo. Kabla yake nilikuwa napaka kiasi cha tone, nikijiona nimejikinga.

Krimu isiyo na harufu ni 28,000 na hukaa nayo miezi mitatu. Mafuta ya mgando ni 3,000, hayaishi. Jumla 69,000 pamoja na losheni ya jua. Vikopo vya dhahabu na wenzake vilikula mara tatu ya hapo na zaidi.

Retinoli nilirudi kwake Aprili 2023, kwa ruhusa. Safari hii punje ya choroko kwa macho yote mawili, nikaigawanya kwa ncha ya kidole cha pete, nikaiweka juu ya mfupa unaozunguka jicho, mbali na kope, tena juu ya krimu iliyokwishapakwa ili isiingie kwa pupa. Jumatatu na Alhamisi tu. Kabla ya hapo niliijaribu siku saba kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko. Mabadiliko sikuyaona mpaka mwezi wa nne, na hata hayo nilihakikishia kwa picha, kwa sababu kioo kinadanganya pande zote mbili. Kwa mwenye mimba au anayetafuta, hiyo jamii yote ya vitamini A iachwe kwanza.

Watu wananiuliza siku hizi, hasa wifi zangu, nimetumia nini. Nikiwaambia, wanaona nawaficha. Mmoja alipekua kabati langu la bafuni nilipokuwa jikoni, nikamsikia anafungua na kufunga. Nimwachie. Ila kila ninayemwona na zile duara mbili nyeupe namvuta pembeni, namuuliza kama nilivyoulizwa: shoga, unapaka nini hapo? Kama kwenye tyubu kuna klobetasoli au bethametasoni, namwambia habari za presha ya jicho kabla ya habari za urembo. Kama ni kikopo kisicho na orodha ya viambato kabisa, hicho ndicho kinanitisha zaidi, maana mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, hauji na maelezo. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtu akikuuzia dawa kama kipodozi, una pa kuuliza.

Mistari miwili jicho la kushoto ipo bado. Nikicheka inatokea, nikinyamaza inabaki kivuli tu. Weupe wa zile duara ulichukua karibu mwaka kurudi rangi yake, na pembeni ya pua kuna kishipa kimoja ambacho daktari anasema huenda kisiondoke.

Msimu huu upepo umeanza mapema. Nimeziba mwanya wa dirisha la chumbani kwa kanga iliyochakaa, natandika taulo lenye maji kwenye kiti usiku, na kopo moja liko kwenye droo ya ofisi, la pili kando ya kitanda. La visigino nimeliandikia kwa kalamu ya rangi: VISIGINO.